Maji, Mafuta na Miguu ya Bi. Mwanaidi

Tangu nistaafu, kila ninayekutana naye njiani ananiambia, "Sista Skola, sasa pumzika." Anayesema hivyo hajawahi kufuga kuku Matogoro. Kuku hawajui ustaafu. Hata hivyo nimepata kiti na ukuta wa kuegemea, na ninyi mliobaki wodini mmenibana niwaandikie kazi ilivyokuwa. Haya. Vyeo sitavitaja, maana walionipandisha na walionisahau wote tunapeana amani kanisani kila Jumapili. Nitaandika juu ya mashine moja ndogo na mgonjwa mmoja, kwa sababu nikiulizwa miaka yote ile ilikwenda wapi, nawaona hao wawili kwanza.

Kwa atakayesoma asiyetujua: nilikuwa muuguzi, na miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia kwenye chumba cha kusafisha damu, hapahapa Songea. Wanaokuja pale ni watu ambao figo zao zimegoma. Wewe mwenye figo nzima ukinywa maji unakwenda msalani, umeyasahau. Wao maji yanabaki. Yanakaa miguuni, yanapanda tumboni, mwisho yanaingia mapafuni. Mashine kubwa inawasafisha damu na kuwatoa yale maji, na swali la kila siku ni moja: tumtoe kiasi gani? Ukitoa kidogo mno, atarudi nyumbani akihema. Ukitoa mengi mno, presha inaanguka na misuli ya miguu inamkaza mpaka mzee mzima anamwita mama yake aliyekufa zamani.

Mwanzoni tulikisia. Tulibonyeza muundi kwa kidole gumba tukaangalia kama shimo linabaki, tukatazama mishipa ya shingo, tukampandisha mtu kwenye mzani. Mzani ni mkweli lakini hauna akili. Mgonjwa wa figo anakonda misuli pole pole, na pale misuli ilipokuwa panajaa maji, na mzani unasoma uzito uleule. Ni sawa na gunia ambalo mtu ameiba mahindi akajaza mchanga. Ukilinyanyua hujui kitu.

Basi ikaletwa mashine ndogo, ukubwa wa redio ya mkulima, ina nyaya na vibandiko vinne. Viwili vinabandikwa mkononi, viwili mguuni. Inapitisha umeme mwilini, umeme mdogo ambao mtu hausikii kabisa, halafu inapima mwili umeukinza kiasi gani. Kutokana na ukinzani huo inakuambia maji yaliyomo, na misuli iliyobaki. Mimi siku ya kwanza nilikataa kuigusa. Nilikuwa nimezoea kuwaambia watu wakae mbali na nyaya, leo naambiwa niwafunge nazo.

Aliyenitoa woga ni Fundi Oswini, fundi wetu wa vifaa tiba, mtu mrefu aliyejifunza umeme kwa watawa kule Hanga na akabaki na tabia yao ya kutosema neno kama halina kazi. Alikuja na muhogo mbichi kutoka kantini, kipande cha kopa, yaani muhogo uliokaushwa, na mita yake. Akachomeka ncha za mita kwenye muhogo mbichi, mshale ukaruka. Akachomeka kwenye kopa, mshale ukalala.

"Umeme ni mvivu kama mimi," alisema. "Unapita palipo na maji. Misuli ina maji, unapita. Mfupa na mafuta, unagoma. Hayo ndiyo yote, Sista. Mengine ni ya kitabuni."

Kwa miaka iliyofuata sikuona haja ya kuongeza sana juu ya hayo. Niliongeza mambo ya mikono tu. Mlaze mtu chali, umwache atulie kwanza, maana aliyetoka kushuka kwenye bodaboda maji yake yote yako miguuni. Vua bangili na pete, na rozari yenye msalaba wa chuma. Mikono isiguse mbavu, na katikati ya mapaja weka kanga iliyokunjwa, la sivyo umeme unapita njia ya mkato. Tulikuwa na mzee mmoja wa Matogoro ambaye kila tukimlaza alifumba mikono kifuani. Ukimwambia aiachie, anaiachia, ukigeuka ameifumba. Nikamwuliza kwa nini. "Mnaninyoosha kama mnapima jeneza," akasema, "angalau nisali." Tukamwacha asali kwanza, tukampima baadaye.

Bi. Mwanaidi alikuja kwetu kutoka Tunduru. Alikuwa mjane mwenye shamba la korosho, na alipoanza kuumwa figo mwanawe Shabani, dereva wa malori, alimleta akae nyumbani kwake Mfaranyaki ili awe karibu na mashine. Shabani mwenyewe alikuwa barabarani muda wote. Aliyemlea yule mama ni mke wa Shabani, Rehema, msichana mwembamba aliyeuza vitumbua asubuhi na kuuguza mchana.

Ninyi mnaoijua baridi ya Songea ya mwezi wa sita mnajua inavyoifanya ngozi ya mtu aliyezoea joto la Tunduru. Lakini Bi. Mwanaidi alikuwa anang'aa. Kila alfajiri ya siku ya kliniki Rehema alimwogesha, akampaka mafuta ya mgando tangu magotini mpaka katikati ya vidole vya miguu, na mikono pia, akamfunga kanga mbili zilizopigwa pasi. Alipopita kwenye benchi wanawake wengine walinong'onezana, "Huyu ana mkwe." Na yeye alisikia, na akapunguza mwendo ili waone vizuri.

Sisi tulimfuta pale pa kubandika kwa pamba na spiriti, kama tunavyofuta kila mtu. Spiriti nayo tulikuwa tunaitoa kwa kuibana, mnajua wenyewe. Vibandiko vyake vilikuwa havishiki vizuri, tukaweka plasta juu, tukaendelea. Mtu akiwa na foleni ya wagonjwa nje, plasta ni jibu la maswali mengi.

Mashine ikasema Bi. Mwanaidi hana maji ya ziada. Mzani ukasema anaongezeka. Daktari wetu, Dokta Nchimbi, kijana makini ambaye sijawahi kumwona akimkemea mtu, aliangalia hivyo vyote viwili akasema labda amenenepa, mkwe anamlisha. Lilikuwa jambo la kuaminika. Ila kifua chake kilikuwa kinasema jingine. Alianza kulala ameketi. Mara akaletwa anahema mdomo wazi, tukamwekea oksijeni. Tukamtoa maji kwa dharura, akapata nafuu, siku ya kupima mashine ikasema tena: huyu ni mkavu.

Hapo Dokta Nchimbi akauliza swali ambalo daktari yeyote angeuliza: nyumbani anakunywa maji kiasi gani, na chumvi je? Aliuliza kwa upole. Bahati mbaya siku hiyo alikuwepo Mwajuma, binti wa Bi. Mwanaidi, aliyekuwa amekuja kutoka Tunduru kumwona mama yake. Mwajuma alimgeukia Rehema mbele yetu sote.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Unampa maji kwa siri, wewe. Unataka mama afe ubaki na shamba lake."

"Wallahi wifi, simpi," Rehema alisema. "Kikombe chake ni kile kimoja, naye mwenyewe ni shahidi."

"Basi maji yanatoka wapi? Yanaota?"

Mwajuma akatangaza kwamba anamrudisha mama yake Tunduru. Dokta Nchimbi akamweleza wazi, bila kuzungusha: kijijini kwao hakuna mashine ya kusafisha damu, na mama bila mashine hana siku nyingi. Sijasahau alivyojibu. "Hata hapa anakufa, dokta. Tofauti ni kwamba hapa anafia mikononi mwa mtu baki."

Rehema alifunika uso kwa ncha ya mtandio. Mimi nilimtazama Bi. Mwanaidi, nikidhani atasema neno, lakini alikuwa anaitazama miguu yake. Nilichoka siku ile, jamani. Niliwahi kuchoka kwa kusimama, kwa njaa, kwa umeme kukatika katikati ya kazi. Kuchoka kule kulikuwa kwa namna nyingine. Najua mtu anazama, mashine yangu inasema yuko nchi kavu, na familia inagawana lawama.

Tulichofanikiwa ni kumwomba Mwajuma asubiri wiki moja. Amchukue mama yake akae naye kwa ndugu yao palepale mjini, amlishe kwa mkono wake, Rehema asikanyage. Mwajuma alikubali upesi, maana aliamini wiki hiyo itamfunga mkwe.

Siku ya kupimwa Bi. Mwanaidi alikuja amejifunga kanga mpaka kwenye nyayo. Nilipotaka kuifunua miguu aliishika kanga kwa mikono miwili. Mwajuma alikuwa mwanamke wa shamba, mchapakazi, alimwogesha mama yake vizuri na kumlisha kwa kipimo, ila mambo ya kupaka paka mafuta kwake yalikuwa anasa za mjini. Na kopo la mafuta lilikuwa limebaki kwa Rehema. Hatimaye mama aliachia kanga akageuza uso ukutani. Miguu ilikuwa imepauka kama ya mtu aliyetoka kufyatua matofali.

Nikabandika vibandiko, nikawasha. Mashine ikasoma maji mengi, mengi kiasi kwamba nilirudia kupima.

"Haiwezekani!" Mwajuma alipiga kelele. "Wallahi sijampa hata tone la ziada!"

Kwa hiyo sasa tulikuwa na wanawake wawili walioapa, na mashine moja iliyowasingizia kwa zamu. Dokta Nchimbi alimpandisha mama kwenye mzani, akausoma mara mbili. Uzito ulikuwa uleule wa wiki iliyopita. Kama angekuwa amekunywa maji yote hayo, mzani ungeyaona.

Akaitwa Fundi Oswini. Aliifungua mashine, akaipima kwa vifaa vyake, akasema haina kosa. Kisha akaja kitandani, akavuta kibandiko cha mguuni kidogo kwa ukucha.

"Leo kimeshika," alisema. "Plasta ziko wapi?"

Nikasema leo hazikuhitajika. Tukatazamana. Ndipo Bi. Mwanaidi, uso bado uko ukutani, akasema kwa sauti ndogo, "Msiniangalie hivyo, baba. Leo nimekuja bila mafuta."

Fundi Oswini alikaa chini kwenye kiti cha mgonjwa. Alikuwa na cheko lake linaloanzia mabegani. "Mafuta," alisema. "Umeme unagoma."

Dokta Nchimbi hakutaka maneno, alitaka kuona. Akaagiza Rehema aitwe, aje na kopo lake. Akaja na bodaboda kutoka Mfaranyaki, amevaa ndala za miguu tofauti, kwa sababu ukiitwa ghafla hospitali unadhani jambo moja tu. Alisimama mlangoni. "Mama yuko wapi?"

"Yupo, mwanangu, ingia," nilimwambia. "Mpake kama unavyompaka kila siku."

Alinitazama kama nina wazimu, lakini akapiga magoti, akafungua kopo. Alipaka kwa utaratibu wake, goti, muundi, kisigino, kidole kimoja kimoja, huku machozi yanamdondokea na yeye anayachanganya humohumo. Bi. Mwanaidi alifumba macho. Nikafuta kwa pamba na spiriti kama desturi yetu, nikabandika vibandiko vipya, nikaweka plasta, nikawasha. Mashine ikasema mama ni mkavu. Nikachukua beseni, maji ya moto na sabuni, nikamsugua mpaka ngozi ikakwaruza, nikampangusa, nikabandika upya. Maji yakarudi, yote.

Mwanamke yuleyule, kitanda kilekile. Hakuna aliyemnywesha kitu. Kilichotudanganya ni upendo wa Rehema, uliopakwa mnene kuliko pamba yetu ilivyoweza kufuta.

Mwajuma hakuomba radhi. Aliinua lile beseni, akaenda kumwaga maji nje, akakaa huko kitambo. Aliporudi alisimama mbele ya Rehema akasema, "Wifi, umekula leo?"

"Bado."

"Twende tukale."

Ya Tunduru hayakutajwa tena siku ile.

Tulianza kumtoa maji ya kweli, kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Akaanza kulala chali. Akaanza kuwatania wagonjwa wenzake. Lakini maji yalipokwisha, mwili wake halisi ulionekana, na hakuna aliyekuwa amejiandaa. Miguu ilibaki mifupa na ngozi. Misuli ilikuwa imekwenda zamani, sisi tukiangalia uvimbe tukiita unene. Rehema alishika ile miguu kwa mara ya kwanza ikiwa hivyo, akaniambia, "Sista, kumbe siku zote nilikuwa napaka mafuta maji." Nilimwambia ampe mayai.

Tukaweka sheria: siku ya kupimwa, mtu asijipake mafuta. Vijana, mtaandika sheria nyingi kwenye kuta, na nyingi zitabaki kwenye kuta. Bi. Mwanaidi aliikataa waziwazi. "Nipite mbele ya watu nimepauka kama sina mkwe? Bora nife na maji yangu." Na wanawake wa kwenye benchi, Wakristo kwa Waislamu, wakamwunga mkono. Kwetu mgonjwa aliyepauka ni mgonjwa asiye na watu. Nisingeweza kubishana na hilo, mama yangu mwenyewe alinifundisha hivyo.

Tukapatana. Waje wanang'aa. Ndani tutawaosha kwa sabuni na maji ya moto, tutapima, halafu aliyemleta atampaka upya kabla hajatoka. Mtaona mpaka leo kuna kopo la mafuta kwenye kile kitoroli cha mashine. Mgeni mmoja wa ukaguzi aliwahi kuuliza linafanya nini pale. Nikamwambia ni sehemu ya kipimo, akapita.

Kazi ya kuosha ilikuwa yangu. Miguu ya wakulima, yenye magaga ya kuingiza ukucha, kila siku ya kliniki. Na aliyeosha hakutakiwa kujipaka, maana vidole vyenye mafuta vinaharibu vibandiko. Sabuni, maji ya moto, spiriti, tena sabuni. Mikono yangu ilianza kupasuka kwenye viungo. Nilipofika nyumbani jioni sikuwa na nguvu za kuihangaikia, nikalala nayo hivyohivyo. Ukifanya hivyo mwaka mmoja unasema nitaanza kesho. Ukifanya miaka, unasahau kwamba kuna kitu cha kuanza.

Bi. Mwanaidi aliishi na mashine yetu kwa muda mrefu kuliko tulivyotegemea. Fundi Oswini akastaafu, akarudi Hanga kwenye nyuki zake. Mimi nikaendelea kuosha. Kisha asubuhi moja, nilipokuja na beseni, mama alivuta miguu ndani ya kanga.

"Leo usinioshe, Sista."

"Bi. Mwanaidi, tusipokuosha mashine haitasema kweli."

"Ukweli naujua," alisema. "Nimechoka, mwanangu. Nataka kwenda kuziona korosho zangu. Hii mashine yenu imeshanijua vya kutosha. Niache niondoke nilivyopakwa."

Dokta Nchimbi alikaa naye, akamweleza yote, akamwuliza kama anajua maana yake. Akajibu, "Mwenyezi Mungu anajua, na mimi najua." Rehema alikuwa amesimama miguuni, Mwajuma kichwani. Safari hii hakuna aliyemlazimisha kwenda wala kubaki. Walimpeleka Tunduru wote wawili, na nilisikia kwamba mkwe ndiye aliyempaka mpaka siku ya mwisho. Asubuhi ile nilirudisha nyaya kwenye mkoba wa mashine bila kupima, nikamwaga maji safi ambayo hayakuosha mtu.

Siku yangu ya mwisho kazini mlinifanyia sherehe humohumo kwenye chumba cha mashine, nawashukuru, ingawa soda zilikuwa za moto. Mkanipa blanketi na hotuba. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilikuwa nasubiri muishe kusema nikalale. Ndipo nikamwona Rehema amekaa benchi la nyuma, mwanamke wa makamo sasa. Sijui nani alimwambia. Watu walipokuja kunishika mkono, naye akaja. "Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Mfaranyaki?"

Hakuniachia mkono. Aliugeuza, akaangalia kiganja, akaangalia mipasuko ya kwenye viungo, kisha akaomba na wa pili.

"Umepauka, mama," alisema. "Kama huna watu."

Akanikalisha kwenye kitanda nilichozoea kuwalaza wengine, akavuta kitoroli, akachukua lile kopo. Alianza na vidole, kimoja kimoja, kwa utaratibu wake uleule. Spiriti iliyokuwa imeingia mipasukoni ilichoma, halafu ikaacha kuchoma. Ninyi mlikuwa mmesimama na soda zenu hamjui mtazame wapi. Nililia, na sikuona haya. Aliponimaliza mkono wa kulia nikautaka niufutie machozi, akaurudisha chini.

"Acha kwanza," alisema. "Usiufute."